Mshono wa Baba Kwenye Taa ya Kushoto

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kuinama chini ya mabasi kutwa nzima, umepata nafuu? Na mjomba wangu mdogo, ameota meno ya mbele au bado anatucheka kwa ufizi? Huku sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula, analala, presha yake imetulia. Ya moyoni nitakueleza, maana ndiyo yaliyonikalisha kitini.

Nimekupigia simu mara sita hukupokea. Sikulaumu. Najua Shangazi alikutumia picha ya makala yangu ya gazetini, na Shangazi katika mambo ya aina hiyo hajawahi kuchelewa. Basi nimechukua karatasi. Simu unaweza kuikata. Barua hata ukiitupa kabatini itakaa inakungoja.

Gari la Baba lilikuwa limesimama kibandani tangu tumzike, miezi minane sasa. Nikaona si haki Mama aende kliniki kwa miguu ilhali gari lipo. Nikalipeleka kukaguliwa. Mkaguzi aliwasha taa, akachuchumaa mbele ya bampa, akasema, "Bwana, hii ya kushoto ina mtoto wa jicho. Kaifungue uisafishe ndani, ndipo urudi."

Kweli kioo kilikuwa kimefanya ukungu wa manjano. Nikapita kwa Taratibu, yule fundi wa kona aliyejifunza kazi kwa Baba. Alitoa kichwa chini ya lori, akaniambia, "Kaka, niachie hadi kesho kutwa. Taa hiyo ina mambo yake, inataka kufunguliwa polepole."

"Mambo gani?" nikamuuliza. "Nyie mafundi mkikosa sababu mnazua mambo."

Akacheka. "Haya, mheshimiwa. Wewe ndiye msomi." Akarudi chini ya lori lake.

Unajua jinsi neno kama hilo linavyoniwasha. Nilikwenda nyumbani nikasoma kitabu cha gari lile kuanzia jalada hadi jalada, nikatazama video tatu, na Jumamosi asubuhi nikafungua sanduku la vifaa la Baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Umri huu nilio nao, Chiriku! Nilikuta kila spana imelala mahali pake, na vitambaa vya kufutia mikono vimekunjwa. Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama.

Bampa lilitoka. Bolti mbili za taa zikatoka. Ya tatu imejificha ndani, upande wa betri, na inaingia kwenye sikio dogo la plastiki. Nikamulika kwa simu. Sikio lile lilikuwa na kipande cha plastiki ya kijivu kilichoyeyushwa juu ya plastiki nyeusi, na waya mwembamba wa shaba umepitishwa mara saba, kama mtu aliyeshona mdomo wa gunia.

Nilicheka. Nilisema kwa sauti, peke yangu kibandani, "Tazama kazi ya ovyo hii!" Nilikata shauri papo hapo kwamba kuna fundi wa barabarani aliyemlaghai mzee wetu alipokuwa mgonjwa. Sikumuuliza mtu. Nikaipiga picha kama ushahidi. Bolti ilipokataa kulegea, nikachomeka bisibisi nyuma ya taa, nikabinua kwa hasira zangu zote. Ikalia *tak*. Taa ikatoka, na sikio likabaki kwenye bolti.

Mtu mwingine angekaa chini akasikitika. Mimi nilinawa mikono nikaenda kuandika. Umeyasoma, lakini wacha niyarudie ili ujue kwamba siyafichi. Nilimwita mshonaji yule "kinyozi wa magari". Nilisema anayekubali kutia mkono wake kwenye kazi kama ile hana haya mbele ya watu. Niliandika kwa raha, mdogo wangu. Sentensi zilikuja mbio zenyewe, na mimi huziamini sana sentensi zinazokuja mbio.

Alhamisi, kama kawaida, jirani yetu muuguzi mstaafu akaja na gazeti kumsomea Mama, maana macho yake hayamudu tena herufi ndogo. Mimi nilikuwa humu chumbani, mlango wazi, nasikiliza kama mwanafunzi anayesubiri sifa. Alipofika kwenye plastiki ya kijivu, Mama akasema, "Rudia hapo."

Jirani akarudia.

"Na hapo pa kinyozi?"

Akarudia.

"Basi, inatosha."

Nikasikia miguu yake ikienda bafuni, kisha ikija kwangu. Alikuwa amebeba jagi la kuogea. Akaliweka juu ya karatasi zangu, likiwa na maji maji.

"Mkono wa jagi hili uko wapi?"

Nikaliangalia. Jagi la kijivu. Limekatwa mkono, tena limekatwa vizuri, kingo zimepigwa msasa. Naliogea kila siku ya Mungu. Sikuwahi kuuliza.

"Siku tatu baba yako amekaa kwenye kile kigoda cha kibandani," Mama akasema. "Siku tatu, chai inapoa, mikono inamtetemeka. Namwambia, wewe baba, mpe Taratibu afanye. Anasema, hapana, hii niachieni. Mdogo wako ndiye aliyeibana taa kwa magoti isicheze." "Nawe umemwita kinyozi."

Nikalichukua jagi, nikalipapasa pale lilipokatwa.

Ndipo nikaikumbuka likizo yako ile ya mwisho. Ulinipigia ukaniambia, "Kaka, njoo, Mzee anafanya kazi, njoo tu umwone." Nilikuwa kwenye kongamano, nikibishana na watu wa suti juu ya heshima ya mfanyakazi. Nilipigiwa makofi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akituambia tukiwa wadogo? "Huyu mdomo, huyu mikono, nikiwaunganisha napata mtu mmoja mzima." Tulikuwa tukicheka wote wawili. Nadhani mimi nilicheka zaidi kwa sababu nilidhani mdomo ndio ulioshinda.

Kesho yake nilifunga vipande kwenye leso nikampelekea Taratibu. Alivigeuza mwangani kwa muda mrefu. "Huu mkono wa Mzee," akasema. "Ule waya alinituma mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia tufungue polepole. Ukaniambia nazua mambo." Hakusema kwa ubaya. Halafu akaweka ukucha wake mchafu juu ya kipande. "Lakini ona hapa, kaka. Mshono haujakatika. Umevunja pembeni yake, kwenye plastiki ya kiwandani. Ya Mzee imeshika."

Chiriku, nililia pale gereji, mbele ya lori la watu. Taratibu alinigeuzia mgongo akajifanya anatafuta spana.

Nimemwandikia mhariri masahihisho. Akanipigia simu akicheka, "Usahihishe nini, mzee? Wasomaji wameipenda hiyo." Nikamwambia aliyeshona ni baba yangu, kazi yake ilishika, iliyovunjika ni yangu. Akaacha kucheka. Yatatoka Alhamisi ijayo, mistari mitano, sikutia hata neno moja la kujitetea. Miaka ishirini na mbili ya kuandika, na sijawahi kuomba radhi gazetini. Sitaki unisifu kwa hilo. Makala ilijaa ukurasa mzima.

Mama haninunii. Ingekuwa afadhali. Ananipakulia chakula, ananiuliza kama nimelala. Lakini Alhamisi iliyopita jirani alipokuja na gazeti, Mama alimwambia, "Leo tuongee tu, jirani." Na kliniki amekwenda kwa miguu, ameshikwa mkono na jirani huyo huyo. Nilipomwambia nitafute taa nyingine ili nimpeleke kwa gari, akasema, "Ndani ya gari lile sipandi mpaka taa iwe alivyoiacha. Mwandikie mwenzio. Yeye ndiye aliyeshika."

Basi nakuandikia. Sikuombi unisamehe leo. Hilo lina wakati wake, na wakati huo ni wako. Nakuomba unifundishe. Aliyeyusha plastiki kwanza au alipitisha waya kwanza? Matundu alitoboa kwa msumari wa moto au kwa keekee? Alianzia ndani au nje? Alipokuwa anatetemeka, aliegemeza kiwiko wapi? Niandikie yote, hata yale unayoona ni ya kijinga. Taratibu amejitolea kuifanya kwa saa moja. Nimemwomba akae tu kwenye kigoda na kunitazama, anipige kofi nikitumia nguvu.

Taa iko hapa mezani, na sikio lake limefungwa kwenye leso. Nimeacha kuandika mengine yote hadi majibu yako yafike. Nilitaka kununua jagi jipya, Mama akakataa. Kila asubuhi namsikia bafuni akichota maji kwa lile lile, kalikumbatia kwa mikono miwili.

Nisalimie shemeji sana, umbusu mjomba wangu mdogo kwenye ufizi. Mama anakusalimu, jirani yetu muuguzi anakusalimu, na Taratibu anasema anaiweka spana yako namba kumi hadi utakapokuja kuidai. Mungu akulindie mikono hiyo, mdogo wangu, ndiyo tuliyobakiza.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata usipopokea simu,

Mdomo