Maneno ya Mkia Mmoja

Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Leo nilipita Kalundu, pale tulipokuwa tukianika ndagala za mama. Wanawake wengine wako pale sasa, wameinama kama sisi, wanageuza samaki na kufukuza kunguru. Sikwenda kununua kitu. Nilikutamani tu, yaya, ijapokuwa najua umelala ng'ambo, kwa watu wasiojua hata ndagala ni nini.

Ulikuwa ukitoka sekondari, inifome bado mwilini, unatuletea maneno ya Kiingereza, kila siku mkia mmoja, yaani yanayoishia kwa sauti moja. Kuchanganya ulikataa kabisa. Ulisema yenye mkia mmoja ni ndugu, ukishika moja mengine yanakuja yenyewe. Unasema lake, najibu ziwa, nakurudishia make. Unajibu kutengeneza, unanitupia wake. Kuamka! Mama, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, alingoja cake ipite ili naye aseme "keki", halafu anatuangalia kama mshindi. Na aliyekosa jibu aliambiwa neno moja tu: "Mayi!" Basi anabeba ndoo, anashuka ziwani kuchota maji ya nyumba. Nilichota mimi, weee, nilichota! Huruma hukuwa nayo hata kidogo.

Mkia wa day ndio ulionishinda zaidi. Say, kusema. Pray, kusali. Stay, kubaki. Away ulinieleza kwa kunionyesha Burundi upande wa pili wa ziwa, nami nikakubishia kwamba kule si mbali, taa zao tunaziona. Siku ulipopita Kavimvira na valizi yako ya nguo kwenda kusoma, ulinikumbatia mpakani ukaninong'oneza, "Stay." Nikajibu "kubaki", kwa mazoea tu, bila kuwaza. Nikabaki kweli.

Huko ukaolewa, ukazaa, na ugonjwa ukakuchukua kabla hujatuletea mtoto. Matanga tulikaa hapa Kimanga bila mwili, picha yako tumeiweka juu ya kiti. Tangu hapo mama hana wazo jingine ila Furaha wako. Shemeji ni wa huko huko, Kiswahili hajui, na mtoto tulidhani ni vilevile, maana ulipotupigia simu alijificha mgongoni mwako kwa haya. Mama akawa anarudia lile lile kila asubuhi: "Zawadi ameenda. Na huyu mujukuu, minye nitamusemesha na nini?"

Jumapili iliyopita, tulipofika nyumbani kutoka kanisani, shemeji alipiga simu ya picha. Furaha akatutazama tu. Ana paji lako la uso, yaya, mpaka inauma. Mama akamsalimia, mtoto akamgeukia baba yake. Akambembeleza, mtoto akajificha begani kwa baba. Nikaona shemeji anataka kukata, na mama pia akaona. Akaniminya mkono. "Weye iko unajua Kiingereza. Sema naye!"

Kiingereza gani? Chote kimekwenda, imebaki ile mikia yako. Nikasema kilichonijia.

"Day."

Mtoto akainua kichwa. "Siku," akajibu, kwa ulimi wa wageni lakini sawasawa. Kisha akanitupia play.

Nikajibu kucheza, nikampa pray. Akajibu kusali. Mama alikuwa ameziba mdomo na kitenge. Kumbe ulikuwa ukicheza naye, yaya! Mimi ulinipa Kiingereza kwa mchezo ule, na yeye ukampa Kiswahili chetu kwa njia ile ile, huko peke yako, wala hukutuambia.

Halafu akasema, "Stay."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuona pale mpakani na valizi yako, na neno lile likakataa kutoka. Furaha alingoja. Alipoona siwezi, akacheka kile kicheko chako kisicho na huruma.

"Mayi!"

Nilibeba ndoo. Nguo za kanisani mwilini, watu wa Kimanga wananishangaa, na mama nyuma yangu ameinua simu ili mjukuu wake aone vizuri. Niliinama ziwani nikachota huku nalia, na Furaha akawa anacheka mpaka ndoo ikajaa. Tuliporudi nyumbani mama aliniambia Jumapili ijayo nisithubutu kujibu, nishindwe tena.

Pumzika, yaya. Ningetoa chochote unishinde wewe mara moja tu. Lakini mtoto hajatupotea.

Ni mimi mdogo wako, mchota maji.