Gauni la Kumi na Tano

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako cha cherehani, kile ulichokataza mtu yeyote asikikalie, hata Mama alipokuwa hai. Naomba radhi. Nimetafuta pengine pa kuandikia humu ndani nimekosa; meza ya chakula Rukia ameshaifunga kamba, inangoja gari. Na nimekaa kabla ya kukusalimia, kosa la pili. Shikamoo, Baba.

Miezi mitano imepita tangu wakuzike. Nasema wakuzike kwa sababu mimi sikuwahi. Kwetu maiti haingoji ndege, nalijua hilo, na simlaumu mtu. Ulipokuwa unateremshwa kaburini mimi nilikuwa kazini, simu imezimwa kama tunavyotakiwa, nafungua na kufunga milango ya abiria.

Kesho kutwa narudi Uswidi, wiki zangu tatu za likizo zimekwisha. Kabla sijapanda ndege Rukia anataka jibu moja tu: narudi Mwanza kuishi, au nyumba hii wapewe wapangaji? Yeye na shemeji walishamaliza nyumba yao ya Buhongwa tangu mwaka juzi, wakawa wanakaa hapa Kirumba kwa ajili yako. Mimi huko nilikuwa najipa sifa: nikirudi nitampumzisha mdogo wangu. Nimefika nimekuta mdogo wangu anafunga vyombo, hana haja ya kupumzishwa na mtu. Kwa hiyo nikirudi, narudi kwa ajili yangu mwenyewe, na hapo ndipo hofu inaponiingia.

Maana huko nina maisha, Baba. Si ya kupigia debe, lakini ni yangu, ya miaka ishirini na mbili. Naendesha treni ya mjini, ile inayopita katikati ya barabara pamoja na magari. Sijui uliwaelezaje wateja wako, maana nusu ya mtaa wanaamini navuta mabehewa ya pamba. Mama Bhoke wa kwaya alikuja kunipa pole, akanishika mikono, akaigeuza. "We ndo wa treni? Mbona mikono laini hivi?" Nilicheka, mara ya kwanza tangu nitue.

Hapa sina treni ya kuendesha. Ulikuwa ukiniambia reli mpya ikifika Mwanza watanihitaji. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, Baba, nani atamhitaji? Na mjukuu wako Nasri yuko chuoni kule, hajamaliza. Nilimpigia simu juzi kumuuliza nifanye nini, na ukweli ni kwamba nilitaka anisihi nisiondoke. Akasema, "Mama, ukiongea na Mwanza unacheka kwa sauti. Ukikata simu unakuwa kimya mpaka kesho yake." Sikujua kama alikuwa ananisikiliza.

Daraja la Busisi limefunguliwa. Ulisema utalivuka kwa miguu kuanzia Kigongo, umevaa kanzu nyeupe, watu wakuone. Wiki iliyopita Rukia na mimi tulipita juu yake tukienda Sengerema kwenye kaburi la Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kivuko, foleni, mahindi ya kuchoma, nikukumbuke vizuri ulivyokuwa ukipeleka sare za shule huku umelikalia furushi lisije likaloa. Safari iliyokuwa inakula nusu siku yako ilikwisha kabla sijamaliza kukukumbuka. Tukiwa njiani kurudi, Rukia akaniambia bila kunitazama: "Kama unarudi kwa sababu ya Baba, usirudi. Baba hayupo. Rudi kama unataka kula sato na kukatikiwa maji."

Sasa nije kwenye sanduku.

Jumatatu Rukia alilivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda chako, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu. "Mali yako hiyo, Da Zuhura. Mimi nimechoka kuilinda na panya." Magauni kumi na manne. Kila moja limekunjwa vizuri, na karatasi imebanwa kwa pini: jina langu, Idi, na mwaka.

Siku niliyokukataza naikumbuka, ingawa kwa miaka mingi nilijifanya siikumbuki. Mwanzoni ulikuwa ukinitumia gauni la Idi kwa mkono wa msafiri yeyote uliyemsikia, pamoja na michembe ya viazi na dagaa. Magauni yalikuwa yanabana huku, yanapwaya kule. Siku moja nimetoka kazini nimechoka, nikakwambia kwenye simu: Baba, usihangaike tena, hayanikai, na huku sina pa kuyavalia. Ukasema, "Sawa, mwanangu." Nikadhani tumeelewana. Kumbe uliacha kutuma, hukuacha kushona.

Nilimuuliza Rukia vipimo ulivipata wapi. Akaniangalia kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Kwangu," akasema. Kila mwezi wa Shaabani ulikuwa unamwita asimame hapa kwenye zulia, unampima yeye badala yangu, halafu unamuuliza, "Dada yako huko ananenepa au anakonda?" Akisema hajui, unamgombeza. Kisha unavaa miwani, unatazama picha zangu, unaongeza inchi moja hapa, mbili pale.

Wewe, Baba! Wewe uliyekuwa ukiwarudisha wanaume waliokuletea vitambaa vya wake zao na vipimo vya kukisia. "Mwili hauazimwi. Mwenye gauni aje asimame mwenyewe." Tulilisikia hilo tangu wadogo, kama tulivyosikia lile jingine ulilowaambia waliosema watapita kesho, watapita wiki ijayo: "Ahadi siishoni. Acha kitambaa." Na kweli, aliyeacha kitambaa alirudi, hata kama ni baada ya mwaka. Hukuwahi kulegeza masharti hayo kwa mteja yeyote, tajiri wala jirani. Kwa ajili yangu uliyavunja mara kumi na nne.

Niliyajaribu yote. Hakuna hata moja lililonikaa. Yalikuwa mwili wa Rukia ulioongezewa mawazo yako. Nilikaa kitandani kwako katikati ya magauni nikalia, na siyo kilio kizuri cha msibani chenye watu wa kukushika. Nililia kama mtoto aliyechapwa kwa kosa lake.

Rukia alikuwa mlangoni. Akatoa jambo ambalo nadhani alilihifadhi miaka yote hiyo. "Mimi Idi zote nimevaa la dukani. Fundi yuko ndani, na mimi navaa la dukani, kwa sababu Shaabani nzima Baba yuko kwenye la kwako." Nikamwomba radhi. Akasema, "Siyo wewe." Akaokota gauni moja, akaanza kulikunja. "Na wewe pia."

Hilo nimeliandika hapa ulijue, Baba. Nakupenda, na halikuwa sawa.

Chini kabisa ya sanduku palikuwa na kitambaa tu. Kijani, chenye maua madogo meupe, mita tatu, hakijaguswa na mkasi. Rukia akanieleza. Shaabani iliyopita ulimwita kama kawaida naye akakataa kusimama. Akakurudishia maneno yako mwenyewe: mwenye gauni aje asimame mwenyewe. Anasema ulimtazama muda mrefu, akadhani utamfokea, lakini ukacheka. Ukakunja kitambaa, ukaniandikia karatasi yangu, ukakibana na pini. Alidhani umekasirika kwa namna yako. Mimi nikaenda kutazama daftari lako la vipimo.

Ukurasa wangu una mistari kumi na minne ya namba. Mstari wa kumi na tano hauna namba. Umeandika neno moja: Aje.

Kwa ninavyokujua, huenda ulikuwa unaandika utaratibu wa kazi tu, kama ulivyoandika kwenye kurasa za wengine "alete lasi" au "apunguze mikono". Inawezekana. Nimelisoma mara nyingi kiasi kwamba sasa nalisoma ninavyotaka mimi.

Leo asubuhi nilimwomba Rukia anipime. Nilitegemea atagoma. Akaenda pale kwenye msumari, akachukua futi yako ya kupimia, akanisimamisha kwenye zulia. Kumbe kusimama miaka kumi na minne ni chuo. Anapima kama wewe, pini mdomoni, anakugeuza kwa kidole kimoja begani. Kifua, kiuno, nyonga. Alipofika kiunoni akatoa pini mdomoni ili aongee. "Baba alikuwa anakudhania mwembamba." Akaandika namba zangu mbele ya neno lako. Ni mara ya kwanza daftari lile lina vipimo vyangu vya kweli tangu nilipokuwa msichana.

Halafu nikamwambia, simama na wewe. Nimelifungua lile daftari lote, Baba, mteja hadi mteja, na Rukia hana ukurasa. Vipimo vyake vyote viko kwenye wangu. Nikampima mimi, vibaya, akanisahihisha mara mbili, na sasa anao wa kwake. Mchana tukashuka sokoni Makoroboi akachagua kitambaa mwenyewe, cha rangi ambayo usingeipenda, tukampelekea yule fundi wa Nyakato uliyemfundisha kazi. Kitashonwa hiki kwanza.

Tulipokuwa tunarudi nikampa jibu. Nikamwambia asitafute wapangaji. Nitakwenda kuaga kazini, nimwachie Nasri ile nyumba ya kule, nifunge mambo yangu, niwe hapa kabla Shaabani haijaandama. Nitafanya kazi gani, sijui. Nitachoka na kukatika kwa maji, najua. Huenda kuna siku nitasimama juu ya yale mawe nyuma ya nyumba, nitazame ziwa na kujuta kabisa. Lakini nitajuta nikiwa nimesimama kwetu, kwa kipimo changu mwenyewe. Nimechoka kuwakilishwa.

Rukia akaniuliza, "Unaahidi?" Simlaumu. Sisi tulio nje ni mabingwa wa kuahidi, na mimi nimekuahidi wewe Idi ngapi? Tulipofika nyumbani nilikitoa kile kitambaa cha kijani sandukuni, nikakiweka kwenye meza yako ya kukatia, pembeni ya mkasi, na karatasi yako ile ile ikiwa na pini yake. Rukia akakitazama, akaenda kuchemsha chai.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba, na aipanue nafasi yako huko. Nainuka kwenye kiti chako sasa, kabla hujanifokea.

Sijaahidi kitu. Nimeacha kitambaa.

Binti yako,
Zuhura