Aliyepunguza Feni

Karakana, 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Shangazi naye mzima? Huku hatujambo, ila mgonjwa wetu sasa ni mashine ya kuvuta moshi. Feni inapanda na kushuka yenyewe. Juzi tulikuwa tunachomelea geti la shule, ghafla ikanywea, moshi ukatujaa usoni. Miwani, fundi wako wa pili, alitupa kinyago akakimbilia nje.

Anasema swichi ya spidi imelika na anaomba tuibadilishe. Nimemwambia nikuulize kwanza, maana mimi nashikilia tu, karakana ni yako.

Daktari amesemaje safari hii?

Ni mimi mwanao


Kwa shangazi yako, 10 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kinapiga filimbi. Shangazi yako anakusalimu. Anahesabu vikohozi vyangu kama mwalimu anayeita majina. Daktari aliniuliza imekuwaje nikavuta moshi wote huu na mashine ninayo. Swali hilo limenikaa.

Mwanangu, swichi hailiki bila mlaji. Nikigeuka tu, Miwani alikuwa anapunguza feni. Mara ngapi nimeikuta imeshushwa! Daktari nimemwambia hivyo hivyo. Na leo yeye ndiye wa kwanza kujua kilicholika? Kikulacho ki nguoni mwako. Mpumzishe mpaka nitakapoamua. Swichi ifunge wewe, nilikufundisha. Ile ya zamani usiifungue, nitumie kama ilivyo.

Baba yako


Karakana, 19 Februari

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Nimempumzisha Miwani. Alikunja aproni, akaiweka juu ya benchi, akauliza, "Mzee ndiye kasema?" Nikashindwa kumtazama. Ana watoto watatu, na mafundi wa mtaa huu wanapeana habari haraka. Nani atamwajiri mtu anayesemwa aliua kifua cha bosi wake?

Nilizima umeme, nikangoja feni isimame na dakika kumi juu yake, nikafungua kifuniko, nikachomoa nyaya tatu. Unisamehe, na swichi nimeifungua. Ndani kuna duara jeusi, na kidole cha shaba kinachotembea juu yake. Upande wa kasi kubwa duara ni jeusi kama jipya. Upande wa chini limelika mpaka linang'aa. Kweli kuna mtu alikuwa anaishusha, tena siku nenda rudi.

Lakini mashine ina miaka kumi na mmoja, na Miwani yuko kwetu mwaka wa pili. Mimi zamani nilikuwa uani napaka rangi, sikuwa naona ya ndani. Wewe ulikuwa unaona. Na kwa nini hukutaka niifungue?

Ni mimi mwanao


Kwa shangazi yako, 28 Februari

Binti yangu,

Marahaba, kama ni salamu na si hati ya mashtaka. Tangu lini mtoto akamhoji baba yake kama askari? Miwani amekujaza maneno. Ana mkono mzito yule, mwaka mmoja unamtosha kula chuma. Jumanne nakuja kuchukua kadi yangu ya kliniki. Hiyo kazi yako nitaiona kwa macho yangu.

Baba yako


Kwa shangazi yako, 8 Machi

Binti yangu,

Nimefika salama, miguu tu ndiyo imevimba kidogo. Asante kwa chai. Ulipokwenda kununua vijiti vya kuchomelea nilikaa pale mlangoni kama ulivyoniamuru, sikugusa kitu.

Ila siwezi kunyamaza. Kazi ile ina kasoro, na nashuku Miwani alikuja kwa siri kukusaidia, maana mimi sikukufundisha hivyo. Nyaya mbili za pembeni mmezipishanisha. Ukizungusha kwenda chini, feni inanguruma mpaka mtu hasikii moto. Zirudishe mahali pake. Na Miwani asirudi.

Baba yako


Karakana, 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na safari. Weka miguu juu ya mto, uvimbe utapungua.

Kosa la nyaya ni langu peke yangu. Niligundua siku ileile niliyoifunga. Nikaiacha swichi katikati, ambako kasi ni ileile hata nyaya zikipishana, nikapanga kuzirekebisha nikipata nafasi. Sikumwambia mtu. Miwani hajakanyaga hapa.

Swichi ilikuwa katikati nilipotoka. Niliporudi ulikuwa kwenye kiti, mpole kabisa, mashine imezimwa. Lakini swichi ilikuwa imeelekea chini. Na kwenye benchi, chini ya kitambaa kilichoanza kuungua, kulikuwa na vyuma viwili vilivyoungwa. Mshono ule naujua, hakuna mwingine anayeuvuta hivyo. Nilizima kitambaa, nikakumiminia chai.

Baba, nina hasira na nina huruma, sijui nianze na ipi. Nimemfukuza mtu kwa neno lako. Nani alikuwa anapunguza feni?

Ni mimi mwanao


Kwa shangazi yako, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeichana mara nne. Shangazi yako anadhani naandika wosia.

Chuma kikishika vizuri kinakaanga kama vitunguu kwenye mafuta. Kikianza kuharibika, sauti hubadilika kabla jicho halijaona. Mimi nilichomelea kwa sikio, na ile feni ilinifanya kiziwi. Kila asubuhi nilikuwa naishusha. Wa kuishusha nilikuwa mimi, mwanangu, miaka yote kumi na mmoja. Daktari aliponiuliza niliona aibu, na jina la Miwani lilikuwa karibu na mdomo.

Siku ile nilichomelea feni ikinguruma. Sikusikia kitu hata kidogo. Na mshono ukatoka mzuri, umeuona. Hilo limeniuma kuliko kikohozi.

Nenda kwa Miwani leo, usitume mtu. Msomee barua yote, na pale penye jina lake usipunguze sauti. Mwombe arudi. Akikataa, ni haki yake.

Akikubali, rekebisheni nyaya, mzungushe swichi mpaka juu, halafu mng'oe kishikio chake. Mpe Miwani akitunze. Siku nikija nikamwomba, aninyime.

Baba yako