Upande wa Pili wa Kaseti ya Papa

Jumapili, Greyville, hapa Durban. Joto la kukera tangu asubuhi. Upepo wa moto unatoka bara, na mawingu yamekaa juu ya uwanja wa mbio za farasi, hayanyeshi wala hayaondoki. Kaka yangu mkubwa, yaya Prosper kama tunavyowaita wakubwa kwetu, amejilaza chumba cha pili. Nimefunga mlango ili asisikie ninachosikiliza.

Naogopa. Niseme mapema nisizungukezunguke.

Ninamsikiliza Tonton. Huyo ni mpiga gitaa wa Ulaya, wa jazi ya mwanzomwanzo, wakati wazungu walikuwa bado wanabishana kama gitaa linaweza kusimama mbele ya tarumbeta. Jina lake hatulijui. Papa, yaani baba yetu, alinakili sahani zake za muziki kwenye kaseti moja kule Bukavu, jalada likapotea, basi nyumbani tukamwita Tonton kama vile ni ndugu ya papa. Kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo kaseti nilishaihamishia kwenye simu yangu, na mikwaruzo yake yote.

Solo ya Tonton haina papara. Anaanza na noti mojamoja, kama mtu anayepiga hodi. Halafu anapanda shingo ya gitaa mbio, kwa waya mmoja tu, na kule juu kabisa anapeleka kidole cha mwisho, kile kidogo, anaigusa noti nyembamba na kuiliza mpaka unaisikia kwenye meno. Papa alikuwa anasimamisha kaseti hapo, anatuangalia mimi na yaya. "Mumesikia? Hiyo sasa iko solo!" Nyuma ya Tonton iko gitaa la pili, linashikilia mwendo tu, halina makuu.

Huo ni upande wa kwanza. Upande wa pili ni sahani za miaka ya baadaye, na humo Tonton anapanda njia ileile lakini hafiki. Anasimama karibu na kilele, na ile noti ya juu inapigwa na mwenzake. Tulipenda sana jambo hilo. Tulisema Tonton amekomaa, amejifunza kugawa.

Yaya Prosper ndiye solo wa korali yetu. Mimi ni mi-solo, yaani niko katikati: yeye anaongoza, mimi namjibu na kuziba mashimo anayoacha. Mi-solo haulizi. Solo akikuangalia na kuinua kidevu, unachukua noti na kusonga mbele.

Tangu Krismasi yaya anainua kidevu sana.

Na kanisa linavyofurahi! Zamani sebene yake, pale gitaa linapochukua wimbo, ilikuwa mvua ya mawe, watu wanacheza mpaka viti vinaanguka. Sasa anapiga kidogo, ananyamaza, ananiachia mimi. Mama Furaha anayeuza vitenge analia kila yaya akinyamaza. Wanasema upako umeshuka. Leo pastor amehubiri kabisa juu yake, kwamba ndugu Prosper ameacha kujionyesha na anampa Bwana nafasi. Jumamosi korali inaingia studio, na pastor anataka mtindo huohuo mpya. Amina zilipigwa mpaka madirisha yakatetemeka. Hata mimi nilisema amina, mjinga mimi.

Leo kwa sababu ya joto nilisogea karibu na feni, kushoto kwa yaya, mahali ambapo huwa sisimami. Sebene ikaanza. Akapanda shingo, akainua kidevu. Lakini mimi sikuwa naangalia kidevu, nilikuwa naangalia mkono wake.

Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja chini ya shingo ya gitaa, kimelala. Cha jirani yake kilikuwa kinachelewa. Nikakitazama, na ile noti sikuichukua.

Yaya akajaribu kuifikia mwenyewe. Kidole hakikwenda. Shimo likabaki wazi katikati ya sebene, na kanisa zima likalipuka haleluya, watu wanapunga vitambaa, Mama Furaha amepiga magoti. Yaya akageuka akaniangalia.

Macho yale nayajua. Nimewahi kuyaona kwa papa.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot, zile taa za barabarani, tukingoja magari yapite, nikamuuliza, "Yaya, mukono iko na nini?"

"Hakuna kitu. Ni baridi tu."

Baridi! Durban nzima inatokwa jasho, mpaka lami inanata, yeye ananiambia baridi.

"Papa pia alikuwaga anasema ni baridi," nikamwambia.

Tukavuka. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Tungoje tutoke studio, Mapendo. Na usimuambie mama."

Eish! Hakusema kwamba nimekosea.

Papa alianza na kidole. Baadaye vikombe vikawa vinamponyoka, halafu mguu ukaanza kuburuta, na mwisho mdomo ukagoma hata kutaja majina yetu. Lakini kabla ya hapo, alipokuwa bado anaongea, kaseti ikifika mwisho alikuwa anasema, "Geuza, unipigie upande wa pili." Upande wa kwanza hakuutaka tena. Tulidhani ni utamu wa muziki tu.

Yaya naye aliniomba nimtumie upande wa pili tu kwenye simu yake. Nilimtumia bila kuwaza. Sasa mambo mengine yanarudi yenyewe. Shati la vifungo sijaliona mwilini mwake muda mrefu, ni fulana kila siku, hata kanisani. Na huko Isipingo, kwenye salon anakokata nywele, bosi amemweka siku hizi kupokea wateja. Yaya alinieleza kama habari njema, nikampongeza.

Nimerudia upande wa pili mchana huu nimeziba sikio moja. Kabla ya ile noti ya juu, kabla gitaa la pili halijaichukua, iko sauti ndogo: tuk. Miaka yote tulijua ni mkwaruzo wa sahani. Lakini inakuja mahali palepale, katika kila wimbo, na upande wa kwanza haipo. Ni kama kidole kinachogonga mbao kwa sababu hakikufika kwenye waya. Labda nabuni. Mtu mwenye hofu anasikia mengi. Lakini yule mwenzake wa gitaa la pili alijua, lazima alijua, na akaendelea kuchukua noti na kunyamaza.

Mimi sitachukua. Kesho asubuhi nampeleka yaya kliniki, akatae, anitukane, studio ife kabisa. Na leo hii, kabla giza halijaingia, nampigia mama, kwa sababu ndiye aliyemuuguza papa na anajua kinachofuata baada ya kidole.

Kabla ya kushika simu nimeshika gitaa langu. Nimeweka mkono wa kushoto kwenye shingo, nimepanda waya mmoja hadi juu, nimepeleka kidole cha mwisho. Kimefika. Noti imelia vizuri.

Nimejaribu tena. Na tena. Sijui nitaacha lini kujaribu.