Gari Alilochagua Nelvine

Kimulot, 3 Machi 2024

Kwa binti yangu Nelvine,

Chamgei. Sisi nyumbani tu wazima, ila mama yako anakohoa kidogo. Ni hii baridi ya msituni tu, usiwaze. Wewe huko Doha vipi? Jua linakuacha upumue?

Gari limefika. Nililiendesha mwenyewe kutoka Nakuru, kule ulikolichagua ulipokuja likizo, na nilipoingia sokoni nikapunguza mwendo bila sababu yoyote ila watu waone. Sitakuficha, niliringa. Kila anayeniuliza ni nani aliyelichagua namwambia ni Nelvine: alifungua boneti, akalala kwenye vumbi akalitazama tumbo, akasema ni hili. Baba yako mdogo Robert alicheka, eti mtoto wa kike huchagua gari kwa rangi. Nikamwambia huyo mtoto wa kike anatunza yadi nzima ya magari ya kukodisha, na yeye pikapu yake husukumwa kila asubuhi.

Lina kaugonjwa kadogo tu. Asubuhi injini ilikuwa haitaki kupata joto, mshale wa joto unalala chini, na mafuta linakunywa kama ndama. Lakini nimelipatia dawa mimi mwenyewe. Sasa mshale unapanda vizuri.

Ni mimi, baba yako.


Doha, 8 Machi 2024

Baba mpendwa,

Chamgei mising. Mwambie mama avae sweta ile nzito, asiiwekee wageni. Mimi ni mzima, joto lenyewe bado halijafika.

Nimewasomea wenzangu wa yadi barua yako na kichwa kimenivimba. Lakini Baba, hiyo dawa ni dawa gani? Tafadhali nijibu haraka, maana gari halifichi ugonjwa muda mrefu.

Binti yako, Nelvine.


Kimulot, 29 Machi 2024

Nelvine mwanangu,

Chamgei. Mama yako amepona kabisa. Natumaini nawe hujambo. Nimenyamaza hizi wiki zote kwa sababu sikutaka kukuvuruga kazini, lakini sasa imebidi.

Jumamosi tulikuwa tunatoka Kericho, mimi, mama yako, Robert na mkewe, na magunia ya mbolea nyuma. Tulipofika katikati ya ule mlima wetu, gari likachemka. Mvuke ulitoka kwenye boneti hata sikuona barabara. Nikasimama, na ni wapi niliposimama? Mbele ya kituo cha kununulia majani, watu wote wamepanga foleni na chai yao. Robert akashuka akapaza sauti: "Si nilisema? Hii gari imekufa engine! Huyo msichana aliona rangi tu!" Watu wakacheka.

Robert amepata mtu wa Roret atakayelinunua hivyo hivyo lilivyo. Anakuja Jumamosi ijayo, tarehe sita. Baada ya hapo Robert anasema atachagua lingine yeye mwenyewe, na ndugu zangu wote wamekubali.

Si gari linaloniuma. Linaloniuma ni jina lako midomoni mwao. Niambie, niuze?

Baba yako.


Doha, 31 Machi 2024

Baba,

Nakusalimu wewe na mama. Nimefurahi kusikia amepona.

Barua yako niliisomea kwenye simu, chooni kazini, nikalia, nikanawa uso. Kama nilikosea nitamwambia baba mdogo mwenyewe kwamba nilikosea, na sitachagua kitu tena pale nyumbani. Lakini bado sijakubali.

Hukuniambia ile dawa, basi ngoja nikuambie mimi. Umefunika rejeta kwa gunia, kama madereva wa malori ya chai wanavyofanya asubuhi za baridi. Si ndiyo? Kwenye tambarare haina neno. Kwenye ule mlima, na watu na mbolea, umelinyima hewa. Toa hilo gunia leo.

Na ile baridi ya mwanzo nafikiri najua ilikotoka. Mwenye gari wa kwanza aliniambia aliishi Lodwar. Kwenye joto kama lile watu huondoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Tulilikagua mchana wa jua kali, hilo likanipita.

Nenda kwa Gekara, fundi wa Kericho, afungue aangalie. Akikuta kifaa kipo na injini imekufa, yule mtu wa Roret achukue. Akikuta kifaa hakipo, usiuze.

Nelvine wako.


Kimulot, 14 Aprili 2024

Binti yangu,

Chamgei, na chamgei tena. Sisi ni wazima kupita kiasi.

Gunia lilikuwepo. Mama yako alikuwa analitafuta kila mahali.

Kwa Gekara nilimbeba Robert kwa makusudi. Gekara alifungua, akaingiza kidole, akasema, "Mzee, hapa hakuna kitu. Engine iko sawa. Nani alikuambia uangalie hapa?" Nikasema ni mtoto wangu, yuko Doha. Robert akatazama viatu vyake. Kifaa kipya kikawekwa, nikanunua mbolea ambayo hata sikuihitaji, nikapakia, nikapanda mlima ule ule. Mshale ulisimama katikati, haukutikisika. Pale kituoni nilipiga honi. Mtu wa Roret alipokuja, Robert mwenyewe ndiye aliyemrudisha.

Leo watu wa kanisa wamekuja kuliombea gari, unajua desturi yetu. Mchungaji akasema mwenye gari aje mbele aweke mkono juu ya boneti. Robert akanisukuma, "Enda, mzee, wanakungoja." Sikwenda. Nikasema mwenye gari yuko kazini. Mchungaji akaniomba nisimame kwa niaba yake. Nikakataa. Wewe walikucheka hadharani, na hadharani watakuona umesimama.

Basi wamekula mbuzi, wamekunywa maziwa ya mursik, wameenda zao, na gari halijaombewa. Mama yako amenuna, anasema mbuzi amekwenda bure. Nimemwambia yuko mwingine, anangoja likizo yako.

Ni mimi, Baba wa Nelvine.