Ninamufuata Divine Kpandroma

Bunia, quartier Bigo,
Tarehe 19 Desemba 2024

Mpendwa Yaya Kavira, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, weye na shemeji na watoto, huko kwenu Kisangani. Muko aje? Ule mugongo wako umepoa, ao ungali unalalia ubavu mumoja? Siye huku tuko wazima, Mungu anasaidia, ila mimi usingizi umenikimbia.

Jana tulimaliza mitihani ya semestre. Wenzangu walitoka mu auditoire, mule darasani, wakipiga kelele, wengine wakamiminiana poudre, ule unga mweupe wa kupaka watoto, kwenye vichwa kama vile matokeo yametoka, na délibération ya walimu ya kutoa matokeo ni mwezi wa kwanza! Joëlle, yule ninayeketi naye benchi moja, alinifuata na poudre yake. Nilikataa. Akasema, "Mama Divine, weye hata furaha unafanya nayo économie!" Nilicheka, lakini moyo ulikuwa Kpandroma.

Unajua nilimupeleka Divine kwa Mama, kule Kpandroma, ili amuachishe ziwa. Ni vile siye wote tulifanyiwa: mutoto anapelekwa kwa nyanya yake, anasahau ziwa, anarudi. Nilijisemea, session ya mitihani itapita, nitasoma bila mutu wa kunivuta nguo, na mbele ya Noeli nitamufuata. Kumbe barabara haikungoja session yangu. Tangu wiki iliyopita watu wanasikia risasi upande wa Bule. Siku moja magari yanapita, siku mbili hayapiti.

Yaya, nikuambie kilichonipata. Examen ya mwisho ilikuwa ya pédiatrie, utabibu wa watoto. Swali la pili: eleza namna nzuri ya kuachisha mutoto ziwa. Jibu nilikuwa nalo lote. Niliandika kwamba mutoto hatenganishwi na mama yake ghafula, kwamba inafanywa polepole, mama akiwa karibu. Nikiwa ninaandika hivyo, maziwa yakaanza kutoka, blouse yangu nyeupe ikalowa mbele ya watu. Nilifunika kwa mukono wa kushoto, nikaendelea kuandika kwa wa kuume. Sisemi Mama alitulea vibaya. Lakini wakati ule barabara ilikuwa wazi, alikuwa anaweza kwenda na kurudi siku yoyote aliyotaka.

Juzi Mama aliniambia kwa simu kwamba Divine halii tena usiku. Alifikiri ananifurahisha. Akasema tena, akicheka, kwamba mutoto anamuita yeye "mama". Tangu pale ninaogopa vitu viwili, risasi na kusahauliwa, na sijui ni kipi kinachoniamusha.

Baba Divine alitaka tumutume motari mumoja wa pikipiki, Guelord, akamuchukue, eti anajua njia zote za porini. Nilimujibu, "Baba Divine, mutoto si mufuko wa maharagwe. Kama kuko mutu wa kupita ile njia, ni mimi." Akaenda kukaa inje. Nyuma alirudi akaniuliza sweta yangu nene iko wapi, maana Kpandroma kuko baridi. Ndiyo nikajua amekubali.

Kesho asubuhi kuko magari yanayosindikizwa na askari. Nimepata nafasi mu gari moja na Honorine, yule mama wa vitunguu. Amepita ile njia mara nyingi, na watu wanasema anasali kwa sauti kubwa hata wafike. Ninaogopa, Yaya. Pikipiki ikipiga kelele hapa Bigo, ninashtuka.

Sikukupigia simu juu ungenikataza, na mimi nimezoea kukutii. Barua hii inakuja na Joëlle, anarudi kwao huko Kisangani na ndege ya kesho kutwa. Wakati utakapoisoma nitakuwa nimeisha kufika, ao nitakuwa... sitaki kuandika ile neno ingine. Lakini kama ni ile ingine, umuambie Divine akikua: mama yako hakukutupa. Alikupeleka kwa kawaida ya kwetu, na alikuwa njiani anakuja.

Na Mama usimulaumu. Hapo ni mimi ninakukataza, hata kama ni mudogo wako.

Kitenge cha kumubebea, kile cha kijani, nimekitia mu sakoshi ya safari. Tangu aende sijakifua. Akikataa kuja kwangu, nitakitandika chini, nitakaa pembeni, nitangoja, hata Noeli ipite. Ziwa sitamurudishia, hata alie namna gani. Lakini mugongo wangu ungali wake.

Unisalimie shemeji Katsuva, na mutoto wako Clarisse, umuambie mama mudogo hajasahau ile nguo aliyomuahidi. Mungu aweke mukono juu ya nyumba yenu, na kesho auweke juu ya barabara yetu.

Mudogo wako, anayekupenda hata akiogopa,

Séphora, Mama Divine