Kaa wa Chuma Ndani ya Damu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, hata huko uliko. Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki nasubiri kuitwa, na ukutani wamebandika bango jipya: kidude cha chuma kinaogelea ndani ya mshipa wa damu. Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, hiyo imeshafika hapa kwetu?" Nikamwambia hapana, huo ni mchoro tu, chenyewe hakijatengenezwa. Akaninunia kama vile nimemnyang'anya kitu. Nikatoka nje kuvuta pumzi, maana nilikuona wewe kabisa, mama, kwenye kochi letu la Tabata, mguu umeunyoosha juu ya kigoda.

Unaikumbuka ile picha? Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara imeshafunguliwa, vitu vya nje vimejaa kila kona, hata magazeti ya Ulaya waliyoyasoma wenyewe wakayachoka yanauzwa chini barabarani. Kaka Seif ndiyo kwanza ameanza kufundisha fizikia sekondari kule Temeke. Akarudi na gazeti moja la sayansi huku anatweta, akakata ukurasa wa katikati, akaubandika sebuleni juu ya redio. Chembe za damu zimechorwa kama vitumbua vyekundu, na katikati yake yupo kaa wa chuma mwenye taa kichwani, anabandua uchafu kwenye ukuta wa mshipa kwa magando yake.

"Hii inaitwa nanoteknolojia," aliwaambia majirani waliojazana mlangoni. "Mashine ndogo, hata unywele ni gogo mbele yake. Itaingia mwilini, itatengeneza palipoharibika."

Yeye alisema itaingia. Wewe ulisikia inaingia.

Haukupita muda mrefu, kandambili ikakuchubua kidole. Kwa mtu mwingine pangepona pakasahaulika, lakini wewe ulikuwa na sukari. Kidonda kikachimba. Siku tuliyokupeleka hospitali, daktari alikitazama, akavua miwani, akasema mguu ukatwe chini ya goti, tukichelewa uozo utapanda. Ukaufunika mguu kwa kanga, ukaniambia, "Nishike mkono, twende nyumbani."

Nyumbani ndipo uliposema, "Mie sikatwi. Nawasubiri wale kaa wa Seif."

Tulicheka, mama. Tulidhani unatania. Kisha tukakuona unavyoitazama ile picha na kicheko kikatukauka.

Siku zile sijui tuliziishije. Weusi ulitoka kidoleni ukashika wayo. Nilichoma udi asubuhi na mchana, na bado wageni waliokuja kukujulia hali waliaga kabla chai haijapoa. Homa ikawa inapanda na kushuka. Kaka akawa anapiga magoti mbele yako kila akirudi kazini. "Mama, hao kaa hawapo." Na wewe, "Sema ni vidude vya wenye pesa, nitakuelewa. Usiniambie havipo. Nimeviona kwa macho yangu." Siku moja uvumilivu ukamwisha, akaichana picha mbele yako. Hukufumba hata jicho. "Chana. Ulichokwisha kunionesha hukitoi machoni mwangu."

Baadaye nilimkuta kaka uani anapekua lile gazeti ukurasa kwa ukurasa.

Asubuhi ya pili yake hakwenda shuleni. Alikaa kwenye mkeka miguuni kwako, ameshika sindano yako ya kushonea na kipande cha karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, jagi la maji mkononi, naogopa hata kulitua.

"Mama, fumba macho. Pitisha sindano taratibu juu ya mkeka, uniambie unavyohisi."

Ulisonya, lakini ulishika sindano. "Inapanda. Inashuka. Inapanda tena." Yeye akawa anachora mstari wa mawimbi kufuata maneno yako. Ulipofumbua macho, akakuonesha.

"Huu ni mkeka wako. Uliuona?"

"Sikuuona. Niliupapasa."

"Basi vitu vidogo kiasi kile huonwa hivyo." Akafungua gazeti lilelile, ukurasa wa nyuma, kwenye kipicha cha kijivu ambacho hakuna aliyekuwa amekijali, vinundu vimepangana kama mtama ulioanikwa. "Hizi ni atomu. Ni ndogo kupita mawimbi ya mwanga wenyewe, jicho haliwezi kuzifikia. Sindano inapita juu yake, kompyuta inachora. Wakitaka rangi, wanatia wao. Hii angalau imepapaswa, mama. Yule kaa hata kupapaswa hajapapaswa. Ametoka kichwani kwa mchoraji."

Ulikivuta kile kipicha karibu na macho. Huko nje kuku walikuwa wanaparura taka.

"Sasa kwa nini wakichore kizuri hivyo, kitu ambacho hakipo?"

Kaka akalikunja gazeti. "Ili watu watamani kukitengeneza."

"Mzima atatamani," ulisema. "Mwenye kidonda anasubiri." Ukajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Niitieni gari."

Jirani anayesomba nyama kutoka machinjio ya Vingunguti alimwagia maji pikapu yake, akatandika godoro, tukakupakia. Njia nzima ulinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Walikata juu ya goti, mama, si chini kama walivyosema mwanzo. Ulipona. Lakini kile kipande kilichozidi kaka Seif anakibeba mpaka leo, najua, ingawa hajawahi kukitaja.

Baada ya hapo akaacha kabisa kuwaonesha wanafunzi picha. Chaki na hesabu tu. Habari zikakufikia, ukamwita, ukamweka mbele ya magongo yako. "Wewe Seif, watoto wanyime uongo, usiwanyime picha. Waoneshe, halafu waambie nani kaichora na anataka nini." Akakubusu mkono, akalia kama mtoto mdogo. Ukamsukuma kichwa: "Nenda kanunue mkate, tunywe chai."

Miaka uliyoishi baada ya hapo ilikuwa mizuri. Uligombana na wauza samaki, ukacheza ngoma umekaa, ukawalea wanangu.

Kuna jambo sijamwambia mtu, naanza na wewe. Sukari yako nimeirithi. Juzi kliniki, nesi alinigusa unyayo kwa kijiti akaniuliza kama nahisi. Sikuhisi. Akagusa tena. Nikasema nahisi kidogo, nikadanganya, nikavaa viatu haraka. Nilipopita chini ya lile bango nililitazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mtu anayejua ninayoyajua mimi. Lilikuwa zuri, mama. Nilielewa kwa nini hukutaka kuondoa macho.

Jioni hii nakwenda kwa kaka, nitamwambia kila kitu. Kesho tutarudi pamoja kwa yule nesi, nivue viatu, niseme kweli.

Mungu akuweke pema, mama yangu. Nakupenda, na leo naogopa.

Mwanao,
kitinda mimba wako